Shajara ya mradi: tumeanza kemia, Wete

Mradi wenyewe

Tuko watatu. Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa Wete na nataka kuomba diploma ya famasia. Wifi yangu anasomesha darasa la sita. Mtoto wa ami kamaliza Kidato cha Nne, yuko nyumbani na msimu wa karafuu umemkuta hapo. Kozi tuliyojiandikisha ni ya utangulizi wa kemia, ya chuo kimoja cha Marekani: ukitaka cheti unalipa, ukitaka elimu tupu unasoma bure. Sisi tumechukua elimu tupu. Kitabu ni kile cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, sura 21, kinapakuliwa bila senti moja.

Shajara hii inakwenda mpaka kwenye moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabu atomu na molekuli, basi. Naiandika kwa ajili ya watakaotufuata, maana nimeona watu wanaingia kwenye kozi hizi wakiwa na hamu ya moshi na rangi, wakikutana na vizio (gramu, mililita na wenzake) na tarakimu wanaaga. Mimi naona kemia ya mwanzo ni hesabu ya vipimo, na anayeipitia mbio mbio atairudia tu mbele ya safari, tena akiwa amechoka.

Jumamosi, bando

Kemia haijaanza, tunahangaika na bando. Video moja ndefu kwa ubora wa juu inamaliza bando la siku nzima, na kila wiki kuna video kadhaa. Tumekubaliana mtoto wa ami azipakue usiku wa manane kwa bando la usiku, kwa ubora mdogo kuliko wote, pamoja na maandishi yake ya chini. Ubora mdogo haudhuru, mwalimu anaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Asubuhi zinahamia kwenye kompyuta ya wifi kwa flashi.

Tumepakua pia majaribio ya kuchezea ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mradi huo ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka uliotangulia. Faili zake nyepesi, zinafunguka bila intaneti, na baadhi zimeshatiwa Kiswahili. Wifi kafurahi kuliko sisi sote, ameshaona cha kuwaonyesha wanafunzi wake.

Vifaa vingine: madaftari, mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja, na kikokotozi cha simu, ambacho ukiilaza simu kinatoa vitufe vya kisayansi. Kozi inashauri kununua boksi la vifaa vya majaribio. Ukijumlisha na usafiri mpaka Pemba, hesabu haisemeki. Tumeliacha.

Jumatatu usiku, kujipima

Kuna jaribio fupi la kujua kama uko tayari. Ndani yake hamna kemia hata chembe: sehemu, asilimia, kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo hadi mwingine, na kuandika namba kubwa na ndogo kwa vipeo vya kumi. Wifi hakutoka jasho. Mtoto wa ami kakwama kwenye vipeo hasi, tukakaa naye hapo mpaka 10⁻³ ikawa kwake ni sehemu moja katika elfu na si namba iliyo chini ya sifuri. Kikokotozi cha simu kikiandika 6.022E23, hiyo E inasema "mara kumi kipeo cha". Andikeni mapema kwenye daftari, itawafaa.

Jumatano, vizio

Njia inayofundishwa ni moja, na inatumika mpaka mwisho wa kozi: kila namba inakwenda na kizio chake, kila badiliko linaandikwa kama sehemu yenye juu na chini, kizio kilichoko juu na chini kinafutana. Kizio kilichobaki kikiwa sicho ulichoulizwa, usiangalie hata jibu.

Nikachukua mfano dukani. Dawa ya maji ya paracetamol ya watoto imeandikwa 120 mg katika 5 ml, chupa ni 60 ml. Chupa nzima ina gramu ngapi za dawa? Mililita 60, mara 120 mg juu ya 5 ml, mara gramu 1 juu ya 1000 mg. Mililita zinafutana, miligramu zinafutana, inabaki gramu 1.44. Hesabu hii nimekuwa nikiifanya kichwani miaka yote. Kuiandika hivi kunaonekana ni kupoteza karatasi, mpaka siku mabadiliko yatakapokuwa matano badala ya mawili.

Ijumaa baada ya sala, kwa Maalim

Tumekwenda kumwamkia Maalim mmoja mstaafu aliyekuwa akisomesha kemia.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba wanangu. Nasikia mnasoma. Mmefika wapi?"

"Kwenye vizio, Maalim."

"Bado mpo hapo hapo?"

"Bado."

"Kaeni. Wanafunzi niliowapoteza mimi, niliwapotezea hapo, kwenye gramu na moli. Waliofika kwenye asidi walikuwa wameshavuka."

Akatupa na onyo kabla hatujaondoka, kwa kuwa alijua tutataka kujaribu vitu jikoni: dawa nyeupe ya kufulia, ile yenye klorini, haichanganywi na siki wala ndimu, inatoa gesi ya klorini, na haichanganywi na chochote chenye amonia. Wifi keshaiandika, kaibandika juu ya sinki.

Jumapili, dago la ami

Tumekwenda shamba, kwenye dago, yaani kambi ya wachumaji. Wachumaji walikuwa wanachambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake), na kila mmoja akipimiwa alichochuma kwa pishi, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa pishi. Kituoni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, inanunua kwa kilo, karafuu kavu. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo kozi yetu yote ya wiki ilipo, na watu wa Pemba wanaishi nayo kila msimu.

Wifi alishikilia kuwa pishi ni uzito. Mimi nikasema ni ujazo. Ami akatusikiliza weee, kisha akasema, "Pishi ni kopo, kilo ni mizani. Mnasoma nini huko?"

Pishi ni vibaba vinne, hilo halibishaniwi. Uzito wake unategemea umetia nini ndani na umetiaje. Tukapima karafuu mbichi kwa mizani ya jikoni, kwanza pishi ya mfuto, iliyokatwa juu kwa mkono, halafu pishi ya tele, iliyorundikwa mpaka zinamwagika. Za mfuto kila tukirudia zilikaribiana sana. Za tele zilikwenda huku na huku kwa kadiri ya mkono wa mpimaji, na wachumaji wakatutazama kwa jicho baya walipodhani tunakusudia kulipa kwa mfuto. Kozi inatenganisha mambo mawili ambayo mtaani tunayachanganya: vipimo kukaribiana vyenyewe kwa vyenyewe, na vipimo kuukaribia ukweli. Mizani yenye kasoro inaweza kukupa namba ile ile mara zote, na zote si za kweli.

Mnyororo wa vizio ukawa huu: pishi, mara kilo mbichi kwa pishi, mara kilo 1 kavu kwa kilo 3 mbichi, kwa kuwa karafuu ikianikwa vizuri juani hupoteza takriban thuluthi mbili za uzito wake, karibu yote maji. Mtoto wa ami akaikokotoa ardhini kwa kijiti, akampa babaake makisio ya kilo kavu za mavuno ya siku ile. Ami hakusema kitu, ila alimuuliza tena jioni.

Jumanne

Umeme hakuna. Tumejisomea tarakimu zenye maana kwa mwanga wa simu. Somo lenyewe linachosha lakini ni fupi: kipimo chako kikiwa na tarakimu mbili za kuaminika, jibu lisijifanye lina nane kwa kuwa kikokotozi kimezionyesha.

Alhamisi, atomu

Hapa tumepita haraka. Protoni zinaamua ni elementi gani, neutroni zinabadilisha uzito, elektroni zinaamua itashikana na nani. Kwenye PhET unakokota protoni moja moja na jina la elementi linabadilika mbele ya macho, na mtoto wa ami kaijenga mpaka neoni bila kuangalia kitabu. Jedwali la elementi zote lina elementi 118. Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alipolitoa 1869 aliacha nafasi za elementi ambazo hazijaonekana, na galiamu ikaja kukaa kwenye nafasi yake 1875, jarumani... nikimaanisha jemaniamu, 1886. Kwa kukariri, elementi 20 za mwanzo zinatosha kwa sasa.

Kilichotuweka ni klorini. Jedwali linasema masi yake, yaani uzito wa atomu yake, ni 35.45. Mtoto wa ami akauliza nusu ya protoni inatoka wapi, na ni swali zuri. Hakuna atomu hata moja ya klorini yenye masi hiyo. Kwa maumbile kuna aina mbili: katika kila atomu 100, kama 76 ni za klorini-35 na 24 ni za klorini-37. Ukichukua 75.8% mara 34.97, ukajumlisha na 24.2% mara 36.97, unapata 35.45. Ni wastani wa atomu zote za klorini zilizomo kwenye chumvi yako ya jikoni, na kwa kuwa hakuna anayepima atomu moja, wastani ndio unaotufaa. Namba hii tuliihifadhi, na tuliihitaji muda si mrefu.

Jumamosi, moli

Kwa hili video hazikunisaidia, zinaanza na namba yenyewe na inamtisha mtu. Wifi ndiye aliyelifungua. Muuza kanga ana doti na ana korija: doti ni mbili, korija ni ishirini, na ukisema korija hakuna anayekuuliza korija ya nini ndipo ajue ni ngapi. Moli nayo ni idadi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kukisia. Uzuri wake ni kwamba ukihesabu kwa moli, namba ya masi uliyoisoma kwenye jedwali inageuka kuwa gramu: moli moja ya kaboni ni gramu 12.01, ya sodiamu ni 22.99.

Tukafanyia mazoezi mafuta ya karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, C₁₀H₁₂O₂. Kaboni kumi ni 120.11, hidrojeni kumi na mbili ni 12.10, oksijeni mbili ni 32.00, jumla 164.2. Moli moja ni gramu 164.2. Kichupa cha mililita 10 kina moli ngapi, tuseme yote ni eujenoli? Lazima kwanza uzito wake, na hapo densiti ikaingia, yaani uzito wa kila mililita, kama gramu 1.06 kwa mililita. Gramu 10.6 kugawa 164.2 ni moli 0.065, yaani molekuli karibu 3.9 × 10²².

Densiti hiyo tuliishuhudia. Nilidondosha tone la mafuta kwenye bilauri ya maji. Likakaa juu kidogo, limeshikwa na uso wa maji, nilipoligusa kwa ncha ya kijiti likashuka mpaka chini na kukaa hapo, la mviringo, la manjano hafifu. Mafuta mengi yanaelea, haya yanazama. Ndiyo yale yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo pale kiwandani Wawi. Eujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi kama 254, lakini ikisindikizwa na mvuke wa maji inapanda chini ya nyuzi 100. Kwa nini, iko sura za mbele, tusiparamie.

Jumatatu na Jumanne, pakiti ya ORS

Hizi ndizo siku nilizozipenda kuliko zote.

Pakiti ya ORS ya lita moja, ule unga wa chumvi na sukari wa kumpa anayeharisha, naiuza kila siku. Nyuma yake pameandikwa, kwa gramu, vitu vinne: kloridi ya sodiamu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, sitrati ya sodiamu 2.9. Jumla 20.5. Chini yake kuna orodha ya pili, na miaka yote macho yangu yalikuwa yanairuka: sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20, sitrati 10, kizio ni milimoli (sehemu ya elfu ya moli) kwa lita, jumla 245. Orodha ya kwanza na ya pili ni kitu kimoja kilichosemwa mara mbili, na kazi tuliyojipa ni kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kuchungulia.

Tukaanza na mizani. Unga tuliumimina kwenye kibakuli baada ya kuirudisha mizani kwenye sifuri. Ya jikoni ikasema 20, ikatikisika, ikasema 21. Haina uwezo zaidi ya hapo. Mtoto wa ami akaipeleka pakiti nyingine kwa sonara, ambaye mizani yake inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, akarudi na 20.46. Tofauti na lebo ni ndogo, na hewa ya Pemba nayo ina unyevu wake.

Kisha hesabu. Kloridi ya sodiamu: 22.99 na ile 35.45 yetu ni 58.44. Gramu 2.6 kugawa 58.44 ni moli 0.0445, milimoli 44.5. Kloridi ya potasiamu: gramu 1.5 kugawa 74.55, milimoli 20.1. Hapo potasiamu imeshafika, lebo inasema 20. Kloridi inatoka kwenye chumvi zote mbili, 44.5 na 20.1, jumla 64.6, lebo inasema 65. Glukosi ni gramu 13.5 kugawa 180.16, milimoli 74.9, lebo 75. Wifi alikuwa anapiga makofi kwa kila moja.

Sodiamu ikagoma. Chumvi inatoa 44.5 tu, iliyobaki lazima itoke kwenye sitrati, ambayo kila kipande chake kina sodiamu tatu. Mtoto wa ami akajumlisha Na₃C₆H₅O₇, akapata 258.07, akagawa, akazidisha kwa tatu, jumla ikawa 78.2. Imepita. Akarudia, ikawa ile ile. Nikampigia Maalim simu.

"Lebo inasema sitrati gani?"

"Sitrati ya sodiamu, Maalim. Halafu pameandikwa dihidrati."

"Basi someni mpaka mwisho wa mstari."

Dihidrati, yaani kila kipande cha sitrati kimefungamana na molekuli mbili za maji ndani ya fuwele zake. Unga ni mkavu mkononi lakini maji yamo, na yamo kwenye uzito. Ongeza 36.03, masi inakuwa 294.10. Gramu 2.9 kugawa hiyo ni milimoli 9.86, na lebo inasema sitrati 10. Mara tatu ni 29.6, ukijumlisha na 44.5 unapata 74.1. Lebo inasema 75, na kwa kuwa 2.6 na 2.9 zina tarakimu mbili tu za kuaminika, hatuna ugomvi na hiyo moja. Jumla yetu yote ikawa 243.6 dhidi ya 245.

Nikawaeleza wenzangu la kwangu la dukani: mchanganyiko wa zamani ulikuwa na jumla ya 311, na Shirika la Afya Duniani likaushusha hadi 245 mwaka 2002, chumvi na glukosi zikapunguzwa, kwa sababu maji mepesi zaidi yanafyonzwa vizuri na kupunguza kuharisha na kutapika. Ndiyo maana mteja akiniambia atatia pakiti kwenye nusu lita "ili iwe kali", sasa namjibu kwa namba: sodiamu itakuwa 150. Mmoja kaniangalia, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa daktari.

Tulipofika

Maswali ya wiki za mwanzo tumeyafanya yote, yanayohusu vizio na moli tumeyarudia kwa namba zetu wenyewe. Majina ya kampaundi yamesalia, tutayala kidogo kidogo. Mtoto wa ami anaingia dago kwa muda, karafuu haingoji, kwa hiyo video tutakuwa tunamwekea kwenye simu yake na yeye anatuletea maswali Ijumaa.

Kinachofuata ni kusawazisha milinganyo, na tumechagua soda ya kuokea na siki ndani ya chupa yenye puto mdomoni. Gramu 4.2 za soda ni moli 0.050, kwa kuwa masi yake ni 84.01. Kila moli ya soda inatoa moli moja ya kaboni dioksidi, hivyo tunatarajia 0.050, na kwa joto la hapa ni kama lita moja na robo ya gesi. Siki tutatia mililita 100, zaidi ya inayohitajika, ili soda yote iishe. Tumeandika makisio kwanza, tukatia tarehe, puto tutalipima baadaye. Gramu 4.2 mizani ya jikoni haiwezi kuzisoma, na sonara kakubali tupimie kwake, mradi twende asubuhi kabla wateja hawajajaa.